Vidole Kabla ya Majina: Ngazi za Sauti kwenye Shingo ya Gitaa kule Rusizi

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa somo letu la tafsiri alinijia ofisini akiwa na karatasi mbili alizozichapisha kutoka kwenye intaneti. Zilikuwa na michoro ya shingo ya gitaa: nyuzi sita zimelazwa, juu yake vidoti vyeusi, na chini ya kila mchoro jina lenye asili ya Kigiriki. Ioniani, Doriani, Frijiani, Lidiani, na kuendelea hadi yakatimia saba. Alitaka kuzitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wenzake wa Kamembe, Wilaya ya Rusizi, wanaojifunza kupiga gitaa kanisani. Kazi yenyewe ya tafsiri haikumshinda sana. Lililomsumbua ni maneno ya yule aliyempa karatasi hizo, kwamba wazee wa Cyangugu waliopiga gitaa zamani hawakuwa na skeli, walikuwa wakibahatisha tu. "Mwalimu," akaniuliza, "ni kweli?"

Nilimjibu kuwa si kweli. Lakini jibu la mdomoni, mlangoni, kipindi kinachofuata kikisubiri, halitoshi. Makala haya ndiyo jibu refu, na natumaini hata msomaji ambaye hajawahi kushika gitaa atapata chochote humu, maana suala hili linahusu lugha kama linavyohusu muziki.

Nianze na maelezo machache. Ngazi ya sauti ni mpangilio wa noti zinazopanda mpaka noti ya kwanza irudi tena kwa sauti nyembamba zaidi. Wanaopitia Kiingereza huiita skeli. Kule Rusizi na Bukavu, ambako muziki ulifundishwa kwa Kifaransa, utasikia gamu. Shingo ya gitaa imekatishwa na vyuma vyembamba ambavyo wengi huviita freti. Kutoka freti moja hadi inayofuata ni nusu hatua ya sauti, na freti 12 hukamilisha mzunguko: uzi ukibanwa kwenye freti ya 12 hutoa noti ileile ya uzi ulioachwa wazi, ila juu zaidi. Nyuzi zenyewe, kuanzia ule mnene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Ngazi ya do huchukua noti saba tu kati ya 12, na kazi ya mwanafunzi ni kujua saba hizo zimekaa wapi shingoni na tano zipi aziruke. Modi ni hatua moja zaidi: chukua noti zilezile saba, lakini nyumbani pawe re badala ya do, au mi, au sol. Noti hazijabadilika hata moja, ila wimbo umebadilika sura.

Basi, hayo yalifikaje Rusizi?

Gitaa lilivuka daraja

Cyangugu ni jina la zamani la mji na la mkoa. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 wilaya inaitwa Rusizi, kwa jina la mto unaotoka Ziwa Kivu na kutenganisha Rwanda na Kongo. Ng'ambo ya daraja ni Bukavu, ambayo Wabelgiji waliiita Costermansville hadi miaka ya 1950. Kiswahili cha Kamembe hakikuletwa na shule. Kilivuka daraja pamoja na samaki, vitambaa na vibarua, miongo mingi kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Gitaa lilipita njia hiyohiyo.

Njia ndefu zaidi ilianzia Katanga. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière iliandikisha wafanyakazi hata kutoka Ruanda-Urundi, na kambi za migodini zikawa mahali ambapo vijana wa makabila mengi walikutana na Kiswahili na, baadaye kidogo, na gitaa. Aliyeipa Katanga jina katika muziki ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukasambaa kwa santuri sehemu kubwa ya Afrika. Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada: gumba likishika nyuzi nene, cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Baadaye yeye na Edouard Masengo walifika Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa kuwatazama mikono.

Kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Katika safari ya mwaka huohuo wa 1952 Tracey alipita pia Rwanda, akarekodi muziki wa ikulu ya Mwami huko Nyanza, ikiwemo inanga. Inanga ni ubao uliochongwa kama karai refu, ukapitishiwa uzi mmoja huku na huku hadi ukawa kama nyuzi nane hivi. Ngazi yake ni ya noti tano, si saba. Kwa hiyo mtafiti mmoja, mwaka mmoja, alinasa ngazi mbili ambazo kijana wa Cyangugu wa kizazi kilichofuata angezibeba kichwani kwa pamoja: ya tano aliyoisikia nyumbani kwa wazee, na ya saba aliyoisikia redioni na kanisani. Anayesema wazee hawakuwa na skeli angeanza kwa kueleza hiyo inanga ililinganishwa kwa kitu gani.

Na hizo mbili hukutana shingoni. Ondoa fa na si kwenye ngazi ya do, zinabaki do, re, mi, sol, la. Kwenye gitaa: uzi wa tano freti ya 3, uzi wa nne wazi, kisha freti ya 2, uzi wa tatu wazi, kisha freti ya 2. Mkono haujasogea hata kidogo. Sisemi kwamba hiyo ni inanga hasa, maana inanga hailinganishwi kwa vipimo vya freti, na sikio lililozoea moja husikia tofauti ya nyingine. Ila ni jirani wa karibu, na mtu aliyekua na inanga hufika hapo bila kuelekezwa.

Kuhusu magitaa yenyewe sina mengi. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyouzwa sehemu nyingi za kusini na katikati ya Afrika. Mojawapo, Gallotone Champion, lilimfikia hata John Lennon wa Liverpool mwaka 1957. Asiyemudu dukani alijitengenezea. Franco Luambo mwenyewe alianzia gitaa la kujiundia. Hapa pana mtego. Kanuni ya zamani, iliyoandikwa na Vincenzo Galilei wa Italia mwaka 1581, inasema ugawe urefu wa uzi kwa 18, uweke freti ya kwanza hapo, kisha ugawe urefu uliobaki kwa 18 tena, na hivyo hivyo. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza hukaa kama milimita 36 kutoka juu, na ukifika ya 12 utakuwa umekosea kwa milimita mbili na nusu tu. Lakini aliyekadiria kwa jicho alipata gitaa lenye akodi nzuri upande wa juu wa shingo na ngazi iliyopinda kadiri anavyoshuka kuelekea tumboni. Wengi wa "wabahatishaji" hawakuwa wakibahatisha. Chombo ndicho kilichokuwa kikiwasaliti.

Nyembamba na pana

Mimi nilijifunza Kamembe mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mzee fundi wa kushona nguo aliyekuwa amefanya kazi Bukavu miaka mingi. Alikuwa akipiga gitaa jioni, cherehani ikishafunikwa. Hakuwa na karatasi. Nilipomwomba anionyeshe gamu, kwa vile nilikuwa nimelisikia neno hilo shuleni na nilitaka aone kuwa nalijua, alicheka. "Imba kwanza, mwana," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu. "Wimbo njo itakuonyesha njia." Niimbe wimbo wowote, kisha niutafute kwenye uzi mmoja, ule wa chini kabisa mwembamba. Wiki nzima uzi mmoja. Nilidhani ananipotezea muda.

Wiki ya pili akaongeza uzi wa pili. Sasa kila noti ya wimbo ilipaswa kuwa na mwenzake. Alinionyesha maumbo mawili tu ya vidole. Katika umbo la kwanza vidole vimepishana freti moja. Hilo aliliita nyembamba. Katika la pili vimepishana freti mbili. Hilo aliliita pana. Kisha akanipa mpangilio, akiuimba kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha: nyembamba, pana, pana, nyembamba, nyembamba, pana, pana, halafu nyembamba tena.

Niliukariri bila kujua nilichokuwa nimepewa. Nilikuja kuuchambua miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha, na ndugu msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo penye jibu la mwanafunzi wangu.

Anza na uzi wa pili kwenye freti ya 1, uzi wa kwanza ukiwa wazi: hizo ni do na mi. Nyembamba. Panda hadi freti ya 3 na ya 1: re na fa. Pana. Kisha 5 na 3, mi na sol: pana. Kisha 6 na 5, fa na la: nyembamba. Kisha 8 na 7, sol na si: nyembamba. Kisha 10 na 8, la na do: pana. Kisha 12 na 10, si na re: pana. Na kwenye 13 na 12 umerudi kwenye do na mi, mzunguko umekamilika. Hiyo ni ngazi nzima ya do, pamoja na noti ya tatu juu ya kila hatua. Anayejua mpangilio huo anajua wapi tatu kubwa hukaa na wapi tatu ndogo, jambo ambalo vitabu vya nadharia hulieleza kwa kurasa kadhaa. Zaidi ya hayo, anajua shingo kwa urefu wake, kutoka juu hadi tumboni, ilhali karatasi za mwanafunzi wangu zinaigawa vipande vipande vya freti nne au tano, na wengi wakishakariri kipande kimoja hawatoki humo.

Wala haikuwa siri ya fundi mmoja. Sikiliza gitaa la Kikongo la miaka ya 1950 na 1960, msikilize Docteur Nico, Nicolas Kasanda, aliyekuwa na African Jazz huko Brussels mwaka 1960 waliporekodi "Indépendance Cha Cha": nyuzi mbili zinakwenda pamoja, bega kwa bega, zikipishana kwa tatu au kwa sita. Sikio lililozoea kwaya ya Kikongo husikia humo kwaya, waimbaji wawili wenye wimbo mmoja. Fundi wangu naye alisema hivyohivyo, kwamba uzi wa pili ni mke na wa kwanza ni mume, na akiimba mmoja peke yake nyumba haina mtu. (Nilimuuliza kwa nini mke awe kwenye uzi mnene zaidi. Alisema kwa sababu ndiye anayebeba.)

Na modi? Hakulijua neno hilo. Lakini alijua kwamba mpangilio uleule unaweza kuanzwa kati. Ukianzia kwenye re na ukarudi kupumzika re, mpangilio unakuwa pana, pana, nyembamba, nyembamba, pana, pana, nyembamba. Huo aliutumia kwa nyimbo alizoziita za msiba. Ukianzia sol, wimbo unakuwa wa kuchezeka. Karatasi za intaneti zinaita huo wa kwanza Doriani na wa pili Miksolidiani. Yeye aliita "kuingilia mlango wa pili" na "kuingilia mlango wa tano". Milango ilikuwa saba, ingawa wa saba, ule wa si, alisema hauna kazi, mtu akiuingia hapati pa kukaa. Wanamuziki wa Ulaya wa karne nyingi wangekubaliana naye.

Milango iliyokuwa imefunguliwa tayari

Hapa natoka kwenye gitaa kwa muda, kwa sababu modi zilifika Rusizi kabla yake. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1903. Mwaka huohuo, Novemba, Papa Pius X alitoa waraka ulioufanya wimbo wa Gregori kuwa kielelezo cha muziki wa Kanisa Katoliki lote. Nyimbo za Gregori zimepangwa katika modi nane, na hazikutajwa kwa majina ya Kigiriki katika vitabu vya kuimbia bali kwa namba: ya kwanza, ya pili, hadi ya nane. Ya kwanza na ya pili hupumzika kwenye re, ya tatu na ya nne kwenye mi, ya tano na ya sita kwenye fa, ya saba na ya nane kwenye sol. "Dies irae", iliyoimbwa katika misa za wafu, iko katika modi ya kwanza.

Kwa hiyo muumini wa Mibirizi aliyekuwa akienda maziko kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuruhusu lugha za wenyeji mwaka 1963 alikuwa amesikia modi ya re mara nyingi zaidi kuliko mwanafunzi yeyote wa leo wa gitaa. Fundi wangu alibatizwa na kulelewa humo. Aliposema mlango wa pili ni wa msiba, sidhani kama alibuni. Aliusikia kwa Kilatini utotoni akauhamishia kwenye nyuzi.

Majina yenyewe ya Kigiriki, ambayo kijana wa karatasi aliyaona kuwa ndiyo elimu, yana kasoro yake. Wasomi wa Ulaya wa zama za kati waliyakuta katika maandishi ya kale kuhusu muziki wa Wagiriki, wakayabandika kwenye ngazi za kanisa bila kuelewa sawasawa; kilichoitwa Doriani na Wagiriki hakikuwa kile kinachoitwa Doriani leo. Mwaka 1547 Glareanus, msomi wa Uswisi, akaongeza Ioniani na Aeoliani katika kitabu chake, ndipo orodha ikakaribia hii tuliyo nayo. Basi, kama fundi wa Kamembe alibandika majina yake mwenyewe kwenye milango yake, hakufanya jambo geni. Angalau yeye alijua kila mlango unaingia wapi.

Mkanganyiko wa do

Msomaji wa Tanzania au Kenya huenda ameshaanza kukuna kichwa kuhusu do yangu. Ana haki. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Waingereza, kwaya zilifundishwa kwa mfumo wa John Curwen wa karne ya 19, ambamo do ni noti yoyote inayoanza ngazi. Wimbo ukipandishwa, do nayo inapanda. Kwa Wafaransa na Wabelgiji do imepigiliwa msumari: ni noti moja tu, ile ambayo Waingereza huiita C, na haisogei.

Niliwahi kushuhudia mpiga gitaa wa Kamembe na mwalimu wa kwaya kutoka Dodoma wakibishana robo saa kwenye sherehe ya arusi, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake hajui kulinganisha nyuzi. Mmoja alisema, "Tupige katika sol." Mwingine akajibu, "Sol si pa kuanzia, anza do." Wote wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili safi, tena walikuwa wakisema jambo moja. Waliokolewa na mpiga ngoma aliyeanza bila kuwasubiri.

Akodi nazo zina balaa lake. Wanaotohoa kutoka Kiingereza husema kodi, na nimewahi kusoma kazi ya mwanafunzi iliyoeleza kwamba gitaa la kwanza "hutoza kodi tatu". Ndiyo maana humu nimetumia akodi, kwa njia ya Kifaransa, kama wanavyosema ng'ambo ya mto. Halafu kuna sebene, ile sehemu ya wimbo wa Kikongo ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakashika usukani. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba neno hilo lilitokana na neno la Kiingereza la saba, kupitia wafanyakazi wa pwani ya Afrika Magharibi waliokuja Kongo na gitaa lao na akodi ya saba. Kama ni hivyo, basi jina la ngazi limekuwa likichezwa dansini miaka yote hii bila mtu kulitambua: akodi ya saba ya sol ni sol, si, re na fa, na fa hiyo ndiyo inayoutofautisha mlango wa tano na ngazi ya kawaida ya sol. Mlango wa kuchezeka, alisema fundi.

Mikono na karatasi

Nadharia ya mikono ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba hukaa mikononi. Mwenda alibahatika. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa gitaa lake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akaandika kila gumba na kila kidole. John Low akaenda hadi kwake kujifunza, na mwaka 1982 kikatoka kitabu chake Shaba Diary. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mwenda alipofariki mwaka 1990, kitu kilikuwa kimeandikwa.

Rwanda haikupata muda huo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 waliuawa Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, pamoja na mkewe na watoto wao sita, tarehe 7 Aprili. Aliuawa Sebanani André, mwimbaji wa orkestra ya Impala ambaye sauti yake ilikuwa katika kila redio ya utoto wangu. Hao wana nyimbo zilizobaki kwenye kanda. Wapigaji wa mitaani hawakuwa na kanda. Fundi wangu nilimwona mara ya mwisho Aprili ya mwaka huo, na mengine si ya jarida hili. Daraja nalo lilipata safari nyingine: Julai 1994 lilivukwa na umati wa wakimbizi, Oktoba 1996 vita vikaingia Bukavu, na Februari 2025 mji huo ukatwaliwa na M23. Katika siku kama hizo anayevuka huwa na mzigo mwingine wa kubeba kuliko gitaa.

Ndiyo maana neno la kijana wa karatasi lilinikera kuliko nilivyotarajia. Sina ugomvi na karatasi. Shule ya muziki ilipoanzishwa Nyundo mwaka 2014 nilifurahi, na laiti ingekuwepo nilipokuwa na umri wao. Ngazi ikichorwa haifi na aliyeichora. Ugomvi wangu ni na mchoro unaomwambia mtoto kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Ukitazama michoro ya mwanafunzi wangu, na ukaacha vidoti vyote isipokuwa vya nyuzi mbili nyembamba, unaona nyembamba na pana zilezile, kwa mpangilio uleule.

Nilimwonyesha hivyo, kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi yake mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akaniuliza atafsiri vipi. Tulilijadili darasani vipindi viwili. Modi, walisema wengi, libaki modi, kwa kuwa limeshazoeleka. Majina ya Kigiriki yawekwe mara moja tu mwanzoni, ili anayetafuta kwingine ayapate, na baada ya hapo kila modi iitwe kwa noti inayopumzikia: ngazi ya re, ngazi ya mi, ngazi ya sol. Msichana mmoja wa Bugarama alipinga, alitaka milango. Alisema ngazi mtu hupanda akashuka, lakini mlangoni huingia akakaa, na modi ni mahali pa kukaa. Tulipiga kura, akashindwa kwa kura tatu. Hata hivyo tafsiri iliporudi kwangu niliona kwamba mwanafunzi ameandika ngazi kwenye kichwa cha kila mchoro, na chini yake, kwa herufi ndogo, mlango wa kwanza, mlango wa pili, mpaka wa saba. Kwenye ule wa saba ameongeza: hauna kazi sana.

Likizo hii amekwenda nyumbani Kamembe na kinasa sauti cha idara. Ameniambia yupo mzee mmoja karibu na stendi ya magari anayepiga kwa gumba na kidole cha shahada, na kwamba huyo hasemi nyembamba na pana. Ana maneno yake mengine.